Anayetafuta "kuku wangu wanakufa" saa nane usiku ndo mtazamaji wako

Naulizwa sana siku hizi kuhusu YouTube, na maswali karibu yote ni yale yale, "kaka mi nina sabskraiba 700, bado 300 nifike elfu, nifanyeje nianze kulipwa?" Na mi huwa namrudishia mtu swali moja tu, hao 700 wanakuja kwako kutafuta nini? Hapo wengi wananyamaza, au wanasema "kontenti mchanganyiko, vichekesho, habari, mambo ya maisha". Leo niandike kwa kirefu maana kwenye meseji haiishi, na kiukweli jambo hili linaniuma, vijana wenye akili na bidii wanamaliza bando na miezi yao kuhangaikia namba ambayo hata wakiipata haitawalipia kodi ya chumba.

Tuanze na lile geti lenyewe la kuanza kulipwa. Tangu 2018 YouTube wanataka uwe na sabskraiba 1,000 na video zako ziwe zimetazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12 iliyopita (mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa ukifikisha kutazamwa mara 10,000 tu unaomba). Au badala ya hizo saa unaweza kupita kwa Shorts (zile video fupi za YouTube), zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Watu wote macho yako kwenye elfu moja, hesabu ya saa hawaipigi. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtu wa kawaida anakaa kwenye video yako dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000 kwa mwaka. Akikaa dakika moja na nusu anaondoka, unahitaji mara 160,000. Ni chaneli ile ile na kamera ile ile, tofauti ni kwamba mtu alikaa au hakukaa. Na wale sabskraiba 300 wa kubembeleza kwenye magrupu ya WhatsApp, "nisabskraibu nikusabskraibu", hawakai hata sekunde ishirini, wanakuja kulipa deni la urafiki halafu basi. Isitoshe YouTube wenyewe wanakataza huo mtindo, na dakika unazopata kwenye foleni ya Shorts hazihesabiwi kwenye zile saa 4,000, hilo nalo wengi hawalijui.

Sasa ukishavuka ndo unakutana na jambo la pili ambalo hakuna anayekuambia mapema. Kwenye video ndefu, tangazo likilipiwa unapata asilimia 55, YouTube wanabaki na 45. Kwenye Shorts fungu lako ni asilimia 45, na linatoka kwenye kapu la pamoja ambalo muziki nao unachukua chake. Lakini asilimia 55 ya nini? Bei ya tangazo inapangwa kwa mnada, na kwenye mnada huo mtu wa Texas anagombaniwa na kampuni za bima, benki, wauza programu, wote wana kadi na bajeti ya mtandaoni, wakati mtu wa Tabora wanaomgombania ni wachache sana. Kwa hiyo kutazamwa mara elfu na watu wa Marekani kunalipa mara nyingi zaidi ya elfu ya nyumbani, hata kama video ni ile ile. Siyo kwamba mtu wa Tabora hana thamani, ni kwamba biashara zetu nyingi bado zinatangaza redioni, kwenye kuta na kwenye spika za bajaji.

Ndo maana nawaambia watu wajue kabisa mtazamaji wao yuko wapi. Kili Paul, yule kijana wa Kimasai wa Mindu Tulieni mkoa wa Pwani, alianza kupata jina mwishoni mwa 2021 akifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, amevaa shuka lake, nyuma ni nyumbani kwao kijijini. Watazamaji wake walikuwa India. Februari 2022 Ubalozi wa India ulimtunuku hapa Dar, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja yeye na dada yake Neema kwenye kipindi chake cha redio. Watu waliangalia wakasema "bahati", mi naona zaidi ya bahati, yule bwana alikuwa anawapa watu zaidi ya bilioni moja kitu cha kwao ambacho hawajawahi kukiona kikifanywa na mtu wa mbali kiasi kile, na alikuwa anakifanya kwa heshima, maneno anayashika vizuri mdomoni.

Sasa kama wewe unaongea Kiswahili na wafugaji au mafundi au akina mama wa vikoba, matangazo peke yake hayatakulisha kwa muda mrefu, na hilo siyo baya hata kidogo. Pesa ipo, ila inapita njia nyingine, na ndo njia nayoijua maana nafanya nayo kazi.

Kuna dada mmoja Kibaha anafuga kuku chotara, mi namuediti video zake. Jina lake silitaji kwa sababu hakuniomba nimtaje. Hana studio, ana simu, ana maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, na ana mabanda. Ile maiki ndo kitu cha kwanza tulichonunua na nasema kwa msisitizo, usinunue kamera kabla ya maiki, mtu anavumilia picha yenye ukungu lakini havumilii sauti ya upepo na kuku mia wakilia huku wewe unasikika kama uko kisimani. Mvua ikianza kugonga bati tunasimamisha kurekodi, mi sijapata programu ya kuisafisha ile sauti ikabaki ya mtu.

Kuna video yake moja ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku unaomaliza banda zima, chanjo yenyewe ni ile I-2 ya kudondosha tone moja jichoni, na napenda kuielezea kwa sababu kila nachokiamini kuhusu kazi hii kiko humo. Video nyingi za kwetu zinaanza na salamu ndefu, nembo inazunguka na muziki, "kabla hatujaendelea naomba bonyeza kengele", halafu shukrani kwa waliotazama iliyopita, mtu anafika dakika ya pili hajaambiwa kitu. Ukifungua YouTube Studio, pale mwenye chaneli anapoona takwimu zake, kuna ule mstari unaoonyesha watu wamebaki wangapi kila sekunde, na kwenye chaneli za namna hiyo unaona mstari unaporomoka pale pale kwenye salamu. Naelewa, sisi tumelelewa kusalimia, kuingia kwa mtu bila hodi ni utovu wa adabu. Lakini yule mtazamaji ndo kaja mlangoni kwako, tena kwa bando lake, na ana kuku wagonjwa. Kumkaribisha vizuri ni kumpa alichofuata. Yule dada anaanza kuku yuko mkononi tayari, anasema "leo tunadondosha chanjo ya kideri, tone moja, na usirudie jicho la pili", salamu anaiweka baadaye wakati anatembea kwenda banda la pili, na hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Basi tunaangalia mstari wa hiyo video, unashuka taratibu kama kawaida, halafu karibu na dakika ya tatu unapanda. Kupanda maana yake watu wanarudisha nyuma kutazama tena. Mi nikafurahi, nikamwambia dada hapa ndo patamu, tukate kipande hiki tukitoe kama Shorts. Yeye akaiangalia ile sehemu, akairudia, akasema, "Hapana mdogo wangu, hapa watu wanarudia kwa sababu kidole changu kimeziba jicho, hawaoni tone likiingia." Na kweli. Gumba limekaa mbele, chupa iko juu, jicho halionekani. Siku ya chanjo iliyofuata tukarekodi upande wa pili, kuku kalazwa ubavu kwenye mkono wa kushoto, simu iko chini karibu kabisa, unaona tone linaning'inia, linadondoka, jicho linatawanya maji, kuku anapepesa ndo anaachiwa. Ile "nirudie tone la pili?" iliyokuwa inajaa kwenye komenti ikapungua, ikaanza kuja "nimechanja wangu leo, ahsante dada".

Hilo algorithimu, yaani mtambo wa YouTube unaochagua nani aonyeshwe video gani, halikwambii. Algorithimu linakuonyesha watu wamefanya nini, kwa nini wamefanya inabidi ujue kazi yenyewe, yaani ujue kuku. Ndo sababu siamini sana wanaofundisha "kukuza chaneli" kwa ujumla wake bila kugusa chochote unachokijua. Anayekijua kitu chake hata kama hajui kuediti anaajiri mtu kama mi. Anayejua kuediti tu bila kitu cha kusema nimsaidieje?

Twende kwenye jinsi watu wanavyomfikia. Asilimia kubwa hawaji kwa kumfuata yeye, wanakuja kwa kutafuta. Na mtu anayetafuta saa nane usiku na taa ya simu ndani ya banda haandiki "udhibiti wa magonjwa ya kuku". Anaandika "kuku wangu wanakufa", "kuku anaharisha nyeupe", "vifaranga wanajikunyata". Sisi tunachofanya ni rahisi, tunafungua YouTube, tunaandika "kuku" na kuacha, tunaangalia yenyewe inapendekeza nini, halafu tunaongeza herufi moja moja. Hayo ndo maneno ya watu. Kichwa cha video tunakiandika hivyo hivyo, na thamneli, ile picha ya mbele mtu anayoiona kabla ya kufungua video, ni picha moja ya tatizo lenyewe kwa karibu, vifaranga wamerundikana kona moja, basi, siyo mishale sita myekundu na mtu kashangaa mdomo wazi.

Ile ya vifaranga wamerundikana mpaka leo ndo inatazamwa kuliko zote, na imetengenezwa kwa jambo dogo sana. Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la kama nyuzi 32 mpaka 35, kisha unapunguza kidogo kidogo kila wiki, lakini wafugaji wengi hawana kipimajoto. Kwa hiyo dada anaonyesha jinsi ya kuwasoma wenyewe, wakikusanyana chini ya taa au karibu na jiko la mkaa wanalia, wana baridi, wakikimbilia pembeni wamefungua midomo, joto limezidi, wakisambaa na kula bila kelele uko sawa. Dakika sita. Haina muziki. Ina miaka sasa na bado inaleta watu kila siku kwa sababu kila siku kuna mtu analetewa boksi la vifaranga na hajui. Habari ya msanii kaachana na mpenzi wake inakufa wiki ile ile, na mwenye chaneli ya habari hizo lazima aamke kesho akatafute nyingine.

Na pesa? Matangazo yanamlipia intaneti na mi nalipwa humo. Pesa yenyewe iko kwingine. Anauza vifaranga, na oda zinatangulia kabla mayai hayajaingia kwenye mashine ya kutotolesha. Jumamosi moja moja anapokea wageni shambani, wanalipa kiingilio, wanashika, wanauliza, wanakula hapo hapo. Kuna bwana yuko Muscat, alianza kwa kuuliza kwenye komenti mabanda yanajengwaje, baadaye akamtuma mdogo wake aje siku ya wageni, sasa familia yake huku ina banda na vifaranga wanatoka Kibaha. Watu wa diaspora nawaheshimu sana kama watazamaji, wanatazama mpaka mwisho, wanauliza maswali ya hesabu, na wanachoogopa ni kitu kimoja tu, kuibiwa na ndugu. Ukiwaonyesha bei ya kila kitu wazi, mfuko wa chakula bei gani leo, maranda bei gani, chanjo bei gani, wanakuamini kuliko wanavyomwamini binamu yao.

Na imani hiyo ndo mali yenyewe. Duka moja la pembejeo lilikuja na hela ya maana kutaka dada aseme dawa yao fulani inatibu kideri. Kideri ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa, una chanjo tu, na kila mfugaji aliyewahi kupoteza banda zima anajua. Dada akakataa, akawaambia nikisema hivyo mama wa Singida atanunua dawa badala ya chanjo na kuku wote watakufa na atakuwa amenisikiliza mimi. Wakati huo tulikuwa tunadaiwa bili ya umeme. Naliandika hili kwa sababu wenzetu wengi wanapokea hela za namna hii kwenye mafuta ya ngozi, dawa za kuongeza nguvu, mikopo ya kwenye simu na kamari, halafu wanashangaa kwa nini siku wakiuza fulana zao wenyewe hakuna anayenunua.

Mambo ya makaratasi niyapitie haraka. AdSense, yaani akaunti ya Google inayopitishia pesa yako ya matangazo, ukifikisha dola 10 wanakutumia barua yenye namba ya siri kwa posta, ndiyo, posta ya kweli, kwa hiyo hakikisha umeandika S.L.P. ambayo kuna mtu anaifungua, ya shule, ya msikiti, ya kanisa, ya ofisi ya mjomba, na umwambie mwenye sanduku ajue inakuja. Usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yanasimama. Malipo yanatoka ukifikisha dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ijaze siku ya kwanza, kwa sababu usipojaza wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima, ukijaza wanakata asilimia 30 lakini kwa kile kilichotoka kwa watazamaji wa Marekani peke yake, maana Tanzania na Kenya hatuna mkataba wa kodi nao. Ndugu zetu wa Kenya tangu Julai 2023 wana kodi ya zuio (inakatwa kabla hela haijakufikia) ya asilimia 5 kwa kontenti ya mtandaoni, serikali ilitaka 15 ikashushwa baada ya kelele. Kwetu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilianza na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo kabla hujafungua chaneli hasa ya habari nenda kaulize TCRA wenyewe, mamlaka ya mawasiliano, usiulize kwenye grupu.

Kitu ambacho kinanikera kabisa, na hapa naomba unisikilize kama kaka yako, ni hizi njia za mkato zinazouzwa kila kona. Sabskraiba wa kununua. Chaneli iliyokwisha kuvuka inauzwa. Kuchukua video ya mtu, kuigeuza kushoto kulia na kuiweka sauti ya roboti. Mwenye kazi akikulalamikia unapata onyo la hakimiliki, maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli inafutwa na kila kitu kilichomo. Julai 2025 YouTube wamesisitiza tena kwamba video za kuzalishwa kwa wingi zinazofanana fanana hazilipwi. Lakini hata kabla ya sheria, fikiria yule dada kalala na kuku wagonjwa usiku kucha ndo akapata dakika sita za kueleweka, halafu kijana mwenye laptopu anazichukua kwa dakika moja. Na anayechukua hawezi kujibu komenti. Mtu akiuliza "wangu wana wiki tatu na wanapinda shingo" yeye atasema nini?

Komenti ndo sehemu nayoipenda kuliko zote, na dada hujibu mwenyewe kila jioni baada ya kufunga mabanda. Wanakuja watu wa Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, Mombasa, kila mtu na Kiswahili chake. Mmoja wa Bukavu aliandika "dada, kuku yangu iko na gonjwa ya macho, inavimba, huku hatuna ile dawa unaonesha, tufanye aje?" Tukakaa tukaona kweli, video zetu zote zinataja majina ya dawa za madukani ya huku, mtu wa Bukavu au Kigoma vijijini zinamsaidia nini? Kwa hiyo sasa tunapiga upya video za magonjwa moja baada ya nyingine, badala ya jina la dukani dada anasoma kilichoandikwa nyuma ya chupa, kiambato chenyewe, anakigeuzia kamera mtu apige picha ya skrini akaonyeshe duka lolote alilo karibu nalo au daktari wa mifugo wa kwao. Tumeshamaliza ya macho na ya mafua, ya minyoo tunarekodi Jumamosi kama mvua haitanyesha.